Kibati cha Mota ya Mzee Hamira

“Kwa hiyo mdogo wangu akapige magoti kwa kosa lako, na wewe ubaki hapa unakoroga chai,” mwanangu mkubwa alimwambia mumewe.

“Sijasema apige magoti. Nimesema aseme samahani. Samahani ni neno tu, mama watoto. Halimchubui mtu.”

“Kama halichubui, lianze kwako.”

Mkwe wangu akaendelea kukoroga. Chai yenyewe alishaimaliza zamani, alikuwa anakoroga hewa. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu karibu na dirisha nachambua mchele, na watu wakikuona unachambua mchele huwa wanadhani masikio nayo umeyaweka kwenye sinia. Sikuingilia. Nilikuwa nimekalia kiatu kimoja cha mwanangu mdogo, ili asiondoke nyumbani kabla hawa wawili hawajamalizana.

Mambo yalikuwa hivi. Huyo mwanangu mdogo, kitinda mimba wangu, alikuwa anafanya kazi kwenye bekari, kwenye mashine kubwa ya kukandia unga. Siku moja mashine ilikwama, akavuta swichi ya ukutani kuizima, swichi ikamlipukia mkononi. Mwenye bekari akasema ameivuta vibaya, akamfukuza. Sasa mchana huu alikuwa kwa jirani anapiga pasi gauni lake la heshima, maana pasi ya nyumba ya fundi umeme haijawahi kuwa nzima, na akimaliza aende akaombe msamaha arudishwe kazini, hata kama ni kufagia. Na aliyeichagua ile swichi, akaipima, akaifunga ukutani kwa mikono yake, ni huyu mkwe wangu anayekoroga hewa.

Ukimwona leo utadhani alizaliwa ameinamisha kichwa. Si kweli. Alipokuja kwangu kupanga chumba cha uani alikuwa na shingo ndefu ya mtu anayejiamini, na chini ya shingo hapakuwa na kitu kingine. Alikuwa mwembamba mpaka akivua shati tunamtafuta. Mzigo wake ulikuwa sanduku la bisibisi na mota moja mbovu, ameibeba begani kwa uangalifu, unavyombeba mgonjwa. Kabla hajanunua hata godoro alinitengenezea feni. Feni ile ikapuliza mpaka picha ya marehemu mume wangu pale ukutani ikafumba macho. Anayetaka kubisha abishe, picha bado ipo.

Baada ya feni, vitu vya nyumbani kwangu vikaanza kuharibika kwa zamu. Leo redio, kesho taa ya jikoni, keshokutwa pasi. Nikasema labda tumerogwa. Halafu nikamkuta mwanangu mkubwa amejificha nyuma ya kabati, anachokoa plagi ya pasi kwa kisu cha kukatia vitunguu ili apate sababu ya kuipeleka chumba cha uani. Nikarudi nyuma kwa vidole vya miguu, nikaenda kuwaambia mashangazi waanze kujiandaa.

Kazi yake ni kusuka mota. Mota ikiungua wanamletea, anaifungua, anatoa ule waya mweusi uliokaangika, anahesabu mizunguko, anasuka waya mpya wa shaba, anapaka vanishi, anaianika juani. Akiisuka huongea nayo. Nimemsikia kwa masikio yangu akiibembeleza mota ya pampu kuliko alivyowahi kumbembeleza mwanangu akiwa na mimba ya kichefuchefu.

Na alikuwa na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa vibati.

Kila mota ikitoka kiwandani huwa na kibati ubavuni. Kwenye kibati wameandika mota ina nguvu ya hospawa ngapi na inakula umeme wa ampea ngapi. Mimi shule niliisikia kwa jina tu, lakini kibati cha mota nakijua, kwa sababu nimelishwa habari zake mezani miaka yote hii. Mota zinazoletwa kwa mkwe wangu nyingi ni za zamani, vibati vimeliwa na kutu au vimeng'oka. Yeye hawezi kuona mota inaondoka mezani kwake ubavu wazi. Anasema ni sawa na kumtoa bwana harusi bila suruali. Basi alikuwa na kopo la vibati alivyovitoa kwenye mota zilizokufa. Anachagua kimoja kizuri, anakisugua kwa majivu na limau mpaka unaweza kukitumia kujipaka wanja, anakifunga.

“Lakini fundi, hiki si cha mota yangu,” mteja mmoja alimwambia siku moja mbele yangu.

“Wewe mota yako unaijua au huijui?”

“Naijua.”

“Basi kibati ni cha wageni.”

Mteja akacheka, akaondoka na mota yake inang'aa. Wakaanza kumwita Fundi Kibati, naye akalipenda jina, akaliandika kwenye mlango.

Hapo katikati akaletewa mota iliyotoka kwenye kiwanda cha mbao kilichofungwa. Ilikuwa na ukubwa wa ndama. Ililetwa na wanaume wanne, na wa tano wa kulalamika. Aliisuka karibu mwezi mzima, na siku aliyoijaribu shomoro wa paa letu walihama, na mzee wa nyumba ya tatu ambaye hakuwa anasikia tangu ujana wake alitoka nje kuuliza nani anamwita. Mota nzuri. Ila kibati chake kilikuwa kimebaki unga wa kutu. Akaingia kwenye kopo, akatoa kile kizuri kuliko vyote, cha shaba ya manjano, kilichotoka kwenye kimota cha pampu ya maji ambacho ungeweza kukibeba kwapani. Viwandani wanapigilia vibati kwa ribiti, vile visumari visivyofunguka. Yeye akakifunga kwa skrubu ndogo za manjano alizozitoa kwenye redio. Mwenyewe alisimama akaitazama, akaniita na mimi niitazame. Mota ikauzwa, ikanunuliwa na mwingine, ikauzwa tena, tukaisahau.

Sasa Mzee Hamira. Huyo ndiye mwenye bekari. Tunamwita hivyo kwa sababu tumbo lake likipata joto linaumuka, na bekari ina joto. Kwa muda mrefu pale walikanda kwa mikono, na mwanangu mdogo ndiye aliyekuwa na mikono ya kazi hiyo. Mzee akanunua mashine ya kukandia, ya mtumba, na mota yake iko chini imefungwa tayari. Ikabaki kuwekewa swichi. Mwanangu mdogo akamsumbua bosi wake wiki nzima: “Mzee, mwite shemeji yangu. Shemeji yangu ndiye fundi wa mota hapa mjini.” Akaitwa.

Hapa nieleze kidogo, maana bila hivyo utadhani mkwe wangu ni fundi wa kubahatisha. Si hivyo. Kazi anaijua. Alinifundisha mwenyewe, akitumia vyombo vyangu. Mota ikiwa inazunguka kwa raha, anasema, inakunywa kikombe. Inapoanza kuamka inakunywa ndoo nzima kwa mkupuo, halafu inatulia kwenye kikombe. Lakini ikikwama, yaani umeme unaingia na yenyewe haiwezi kugeuka, inashika ndoo na haiishushi, inakunywa mpaka iungue. Kwa hiyo swichi ya kuzimia mota huichagui kwa kikombe peke yake. Unasoma ampea kwenye kibati, unaongeza kidogo juu ili swichi isichemke kutwa nzima, kisha unasoma kwenye swichi yenyewe, imeruhusiwa kukata mota ya hospawa ngapi. Mtu hakimbilii swichi siku ya amani. Anaikimbilia siku mashine imeshika kitu, na hapo ndipo mota iko kwenye ndoo. Swichi ndogo ukiizima mota ikiwa kwenye ndoo, umeme haukubali kukatika. Unaruka pale katikati kama moto wa kuchomelea vyuma.

Anayajua yote hayo. Akaenda bekari, akachuchumaa, akasoma kibati. Akaongeza kidogo juu. Akaenda dukani akachagua swichi ya mkono mwekundu, akapanda hata saizi moja zaidi kwa sababu ni mahali anapofanya kazi shemeji yake. Akaifunga mahali ambapo mtu aliye kwenye mashine anaiona na kuifikia. Akamwita mwanangu mdogo, akamwonyesha: “Unga ukikaza mashine ikasimama, usiguse donge. Vuta huu mkono chini kwanza. Vuta kwa mara moja, usiuonee huruma.” Wafanyakazi wote wakamsikia.

Wiki ile ile fyuzi zikawa zinakatika kila mashine ikiwashwa asubuhi. Fyuzi zilikuwa zinamwambia. Yeye akasema fyuzi za siku hizi ni takataka, akaweka kubwa zaidi. Kibati alikiamini kuliko fyuzi.

Ikaenda vizuri kwa miezi. Halafu ukaja unga wa aina nyingine, unaokunywa maji sana, donge likawa gumu la kujengea nyumba. Mashine ikanguruma, ikasimama, ikabaki inalia mvumo. Mwanangu akafanya alivyofundishwa. Hakugusa donge. Alivuta mkono chini. Mlango wa swichi ukaruka, moto ukatoka na mlio uliowafanya watu wa barabarani walale chini. Mkono wake ukaungua kuanzia vidole mpaka karibu na kiwiko, na nyusi moja ikaondoka. Nyusi hiyo namtania nayo. Mkono simtanii.

Kesho yake Mzee Hamira aliwakusanya wafanyakazi mbele ya swichi iliyoungua, akamwita na fundi. Mwanangu naye alikuwepo, mkono umefungwa bandeji.

“Swichi inavutwa na mtu aliyeamua,” Mzee alisema. “Huyu binti ameivuta kama anafungua pazia. Au siyo, fundi? Mtu akivuta kwa kusitasita, si inaungua?”

Mkwe wangu wakati huo alikuwa amechuchumaa kwenye mota. Kabla hawajakusanyika alikuwa amewasha mashine kidogo kwa waya wa pembeni, akabana waya kwa mita yake, na mita ikamwonyesha namba iliyozidi ile ya kibati mara nyingi mno. Akasema mita imekufa. Akajaribu tena. Ndipo akapitisha kidole kwenye kibati, kidole kikakuta skrubu. Skrubu ndogo za manjano, za redio.

Akasimama. Wote wanamtazama. Akasema, “Inawezekana.”

Neno moja tu. Na ni kweli inawezekana, ndiyo ubaya wake. Swichi ikivutwa polepole hutoa cheche zaidi, fundi yeyote atakuambia. Alichukua ukweli wa swichi nyingine akaufunga kwenye hii, akaufunga vizuri, unang'aa. Mwanangu akafukuzwa pale pale.

Mimi na mke wake tumeyajua asubuhi ya leo. Mkwe wangu alikuwa bombani ananawa mikono, ananawa tu, mpaka mwanangu mkubwa akatoka kumwuliza kama anataka kuimaliza sabuni yote ya mwezi. Akaanza kumweleza pale pale bombani, na mimi sisikilizi mambo ya watu, ila bomba liko chini ya dirisha langu. Na sasa tuko hapa, na chai imeisha, na kijiko bado kinazunguka.

“Hebu niambie kitu kimoja,” mwanangu mkubwa alisema. “Ulichuchumaa pale mara ya kwanza, siku ya kuipima. Mota ya ukubwa wa ndama. Kibati cha pampu. Macho yalikuwa wapi?”

“Kwenye kibati.”

“Na mota hukuiona?”

“Niliona kibati kinang'aa.” Aliinamisha kichwa mpaka karibu kidevu kiingie kwenye kikombe. “Nikajisemea moyoni, aliyekisugua hiki ni fundi kweli.”

Nilitaka kucheka, nikajizuia kwa kuokota kijiwe kwenye mchele. Mwanangu mkubwa hakutaka kucheka.

“Ulijisifu.”

“Sikujua kama ni mimi.”

“Ndiyo maana ulisifu kwa moyo wote.”

“Nilizidisha, jamani. Nilizidisha juu ya ile namba kwa haki kabisa. Mungu anajua. Ila nilizidisha uongo wangu mwenyewe.”

“Basi kaseme hivyo.”

“Nikisema hivyo, kesho kila mwenye mota yenye kibati changu atakuja hapa. Kinu cha kusagia, pampu ya kisima, msumeno wa pale kwa seremala. Zote zina swichi. Kila swichi kuna mtu aliichagua kwa kusoma kibati nilichokifunga mimi. Unaelewa? Si bekari peke yake. Nitatembeaje hapa mjini?”

“Kwa miguu,” nilisema.

Waligeuka wote wawili.

“Mama, tafadhali,” mkwe wangu alisema kwa heshima yote.

“Mimi nachambua mchele.”

Mlango ukasukumwa, akaingia mwanangu mdogo, miguuni kandambili za jirani, mkononi kiatu kimoja. Mazungumzo yakageuka ghafla yakawa ya mawingu. Mwanangu mkubwa akasema inaelekea mvua itanyesha. Mkwe wangu akakubali. Nje jua lilikuwa linapasua mawe.

“Mama, kiatu changu cha kushoto umekiona?”

“Kimechukuliwa na mbwa.”

“Hatuna mbwa.”

“Ndiyo. Tungekuwa naye angekilinda.”

Alinitazama kwa ile nyusi yake moja. Ananijua. Lakini hawezi kumwinua mama yake kwenye kiti, basi akamgeukia shemeji yake.

“Shemeji, mbona umenuna?”

“Sijanuna.”

“Basi uso umejikunja wenyewe. Sikiliza, nisaidie. Nikifika kwa Mzee niseme nini hasa? Sitaki nikosee tena mbele za watu. Niseme nilivuta polepole?”

Kijiko cha mkwe wangu kikaongeza mwendo.

“Maana mimi nakumbuka nilivuta kwa nguvu. Nilivuta mpaka bega likalia. Nililala siku mbili bega linauma kuliko hata mkono. Lakini nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hajui anachofanya. Wewe ndiye fundi. Wewe umesema inawezekana. Basi bega langu ndilo linanidanganya.” Alicheka kidogo. “Nimejizoeza kwa jirani. Nasema, Mzee, nilisitasita, nisamehe. Jirani kasema inasikika vizuri. Usijali shemeji, sitakutaja hata kidogo. Najua kama ungeweza kunitetea ungenitetea.”

Kijiko kilisimama. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kijiko kilisimama.

“Mzee ameshaagiza swichi nyingine,” mwanangu mdogo aliendelea. “Saizi ile ile. Anasema ataniweka kwenye kufagia, na kwenye mashine atamweka yule dada mjamzito, kwa kuwa yeye ana mkono mtulivu. Haya, acha nikamalize pasi. Mama, mwambie mbwa akimaliza kiatu akirudishe.”

Akatoka. Tulisikia kandambili za jirani zikipiga sakafu ya varanda mpaka zikapotea.

Mwanangu mkubwa alivuta kiti. Alikaa, akafunika uso kwa mikono miwili. Nimemwona akilia msibani na nimemwona akilia kwa furaha, lakini kuona aibu kwa ajili ya mtu ambaye umemchagua mwenyewe ni kilio kingine, hakina sauti. Mkwe wangu alinyoosha mkono amguse bega, mkono ukafika katikati, ukarudi.

“Nitasema,” alisema.

“Utasema nini?” mkewe aliuliza kutoka ndani ya mikono yake.

“Nitamweleza Mzee.”

“Mweleze sasa. Tukusikie.”

“Mzee hayupo.”

Hapo nikaweka sinia chini. Nikachukua mto wa kiti, nikauingiza chini ya nguo yangu tumboni, nikaupapasa mpaka ukakaa vizuri, nikaketi miguu imetawanyika, anavyoketi mwenyewe Mzee Hamira. “Haya, fundi,” nilisema kwa sauti ya puani. “Umefuata nini bekarini kwangu, na mikate inaungua?”

Mwanangu mkubwa akafunua uso. “Mama, si wakati wake.”

“Ni wakati wake. Akishindwa kuuambia mto, tumbo la kweli ataliweza?”

Mkwe wangu alinitazama, akautazama mto. Akasimama, akapangusa mikono kwenye suruali. “Mzee,” alianza, “kumetokea hitilafu.”

“Hitilafu ya nani?”

“Ya kiufundi.”

“Mwambie huyo Kiufundi aje mwenyewe. Wewe nenda.”

“Kipimo cha swichi hakikuwa sawa, Mzee.”

“Kilipimwa na upepo?”

“Nilipima mimi. Ilikuwa ndogo. Kwa mota ile ilikuwa ndogo sana, na hiyo uliyoagiza nayo ni ndogo. Usiifunge. Mtu yeyote angeivuta mashine ikiwa imekwama ingemlipukia.”

“Mbona ulisoma kibati? Nilikuona ukisoma. Nikasema, fundi msomi huyu.”

“Kibati hakikuwa cha mota ile.”

“Kilijibandika?”

“Nilikibandika mimi. Zamani. Kwa ajili ya kung'aa.” Jasho lilikuwa linamtoka kwenye masharubu. “Na siku ya kupima sikukitambua. Na fyuzi zilipokatika nilizilaumu fyuzi.”

Alishusha pumzi. Nikadhani atakaa. Mwanangu mkubwa alikuwa amesimama sasa, ameshika kiti kwa nyuma, na uso wake ulikuwa umeanza kulainika.

Mimi sikulainika. Nilikuwa na tumbo la Mzee Hamira na nilitaka kulitumia. “Sawa,” nilisema. “Swichi nimesikia. Kibati nimesikia. Sasa siku ile mbele ya wafanyakazi wangu nilikuuliza kitu. Ulinijibu nini?”

Akachungulia ndani ya kikombe kitupu.

“Fundi. Nilikuuliza.”

“Hiyo niachie, Mama.”

“Mimi si mama yako. Mimi nina bekari.”

“Nitasema swichi, nitasema kibati. Nitazunguka mji mzima nang'oa vibati vyangu, kimoja kimoja, hata wakinitemea mate. Hiyo moja niachie. Kosa la kibati ni ujinga, mtu mjinga anaweza kusamehewa. Ile…” Alikosa pa kuyaweka macho, akayaweka kwenye mikono yake. “Ile sikuwa mjinga.”

“Hiyo ndiyo iliyomfukuza,” mwanangu mkubwa alisema. Hakusema kwa ukali tena. “Swichi ilimuunguza mkono. Mkono utapona. Hilo neno ndilo alilojizoeza kwa jirani. Sasa hivi anaamini mwili wake ni mwongo.”

Mkwe wangu alivuta kiti, akakaa, akasimama tena. Ile shingo yake ndefu, ambayo sijaiona kwa muda, ilinyooka kidogo. Aliutazama mto wangu kwa macho ya kweli, si ya kuigiza.

“Uliniuliza kama ni yeye, Mzee, nikasema inawezekana. Nilisema hivyo na kidole changu bado kiko kwenye skrubu nilizozifunga mwenyewe. Nilikuwa nimeshajua. Nilimwona amesimama pale na bandeji, ananitazama, anasubiri nimtetee, na nikasema inawezekana kwa sababu yeye ni binti mdogo anayekanda unga, na mimi jina langu liko mlangoni. Sikukosea. Nilijua si yeye, na nilimwacha…”

Hatukusikia kandambili. Alikuwa amezivua nje. Mwanangu mdogo alikuwa amesimama mlangoni, gauni lililopigwa pasi limelala juu ya mkono wake mzima, ule wa bandeji ameubana kifuani. Alinitazama mimi na mto wangu. Akamtazama dada yake. Akaishia kwa shemeji yake, na hakuondoa macho hapo.

“Ulimwacha nani?” aliuliza.

Mkwe wangu aliuacha mto, akamgeukia yeye, akafungua mdomo.